Ofisi ya nyumbani kwa mtindo wa kale: anza na ukuta, usianze na duka

Mei 2020, serikali ilipoufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya Korona, hakuna kuingia wala kutoka, nilijikuta nafanya kazi ya ofisi juu ya kitanda. Kazi yangu ni karatasi za mizigo inayotoka bandarini, na karatasi hizo hazina subira. Miguu nimeikunja, laptopu iko juu ya mto, mgongo unauma, na nje ya mlango watoto wa kaka yangu wanacheza mpira ukumbini. Nikajiambia, nyumba ya baba ina vyumba vitano. Kimoja lazima kiwe ofisi.

Akilini nilikuwa na picha nilizoziona kwenye simu: meza nzito ya mbao, taa ya shaba, kiti cha kusukwa, ramani ya zamani ukutani. Njia zilipofunguliwa tu, nikaanza kuulizia bei. Meza iliyotengenezwa mwaka jana na kukwaruzwa kwa makusudi ili ionekane kuukuu ilikuwa ghali kuliko meza mpya. Shangazi yangu alinisikiliza nikilalamika, kisha akanionyesha jikoni kwa kidole. "Wataka meza ya kale, mwanangu. Na hiyo uiwekeayo gesi ni nini?"

Ilikuwa meza ya marehemu baba. Alikuwa karani, na ofisi yake ilipobadilisha samani alinunua meza yake mwenyewe akaja nayo nyumbani kwa mkokoteni. Msaji mtupu, na watoto wa meza sita, watatu kila upande. Baada ya kufariki kwake ilisogezwa sebuleni, kisha upenuni, mwisho jikoni. Juu yake palikuwa na meko ya gesi, na alama nyeusi ya duara mahali sufuria ya moto ilipowekwa.

Msomaji, nayaandika haya kwa sababu wengi wetu sasa tunafanya kazi nyumbani na tunapenda mtindo wa kale. Nataka kueleza namna ya kuupata bila kujifilisi na bila kuiharibu nyumba. Lakini lipo pia jambo linalonikera, nalo nitalifikia: mtindo wa kale unazidi kupendwa, ilhali nyumba zetu za kale zinazidi kubaki tupu.

Kwanza ukuta

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata ya kuitoa meza jikoni. Chumba nilichochagua kilikuwa na ukuta unaomenyeka chini, karibu na sakafu. Nikamwita kijana mmoja, akabandua lipu ya zamani, akapiga ya saruji, kisha tukapaka rangi ya plastiki inayong'aa. Kilipendeza kwa miezi michache. Masika yalipoingia, rangi ilifura kama malengelenge, na lipu mpya ikaanguka kwa vipande vikubwa. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa, na chumvi nyeupe imeota kama ukungu.

Fundi mzee aliyekuja kutazama alicheka, kisha akanieleza. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zina unene wa karibu nusu mita. Mawe haya hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka hewani, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vinyweleo. Ukuta unapumua. Saruji na rangi ya plastiki huziba pumzi hiyo. Maji yakikosa njia hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ikaanguka. Kwa hiyo si kwamba saruji yangu ilikuwa mbovu. Ilikuwa ngumu mno kwa ukuta ule.

Tuliibandua yote. Tuliuacha ukuta wazi wiki kadhaa ukauke, tukaipiga brashi ile chumvi mpaka ikaisha, ndipo fundi akapiga lipu ya chokaa na mchanga, na juu yake neru laini. Mwisho tukapaka chokaa ya maji. Hii hupakwa nyembamba kama maziwa, mara tatu au nne, na ukuta hulowanishwa kidogo kabla ya kila mkono. Mkono wa kwanza hauonekani kitu, nawe utadhani umeibiwa. Subiri. Kadiri chokaa inavyokauka ndivyo inavyozidi weupe, nao si weupe wa kung'aa bali wa kutuliza macho. Mtu anayetazama skrini siku nzima ataelewa nasema nini. Tena chokaa haipendwi na ukungu, na kwa vitabu na faili hiyo ni faida kubwa.

Tahadhari moja: ukinunua chokaa mbichi ya tanuu, usiizime mwenyewe kama hujui. Inapokutana na maji huchemka na kuruka, na jichoni ni hatari. Mwachie fundi, au nunua iliyokwisha kuzimwa.

Chumba kina mpango wake

Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari imebebwa na miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na mti wa mkoko hauwezi kubeba dari pana sana, kwa hiyo upana wa chumba ni kama mita tatu, mara nyingi chini ya hapo. Wanaoweka meza katikati ya chumba kama wakurugenzi wa sinema hujikuta wanapita ubavu ubavu. Meza ilaze kwenye ukuta mrefu, dirisha likiwa ubavuni mwako. Dirisha likiwa mbele litakuumiza macho, likiwa nyuma litang'aa kwenye skrini.

Ukibahatika, ukuta una madaka. Wazee waliyaacha hayo matundu ndani ya ukuta ili yawe rafu, na kwa faili na vitabu hakuna rafu bora kuliko daka, kwa sababu halichukui hata inchi moja ya chumba. Watu wa Lamu walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Katika nyumba za karne ya 18 utakuta ukuta mzima wa ndani ni zidaka, safu juu ya safu, zimenakshiwa kwa lipu, na humo waliweka vyombo vya kauri kutoka Uchina na vitu vya thamani. Kama nyumba yenu ina zidaka, tafadhali usizipigilie msumari wala kupitisha waya ndani yake. Nakshi ile ni lipu tupu, ikipasuka haiungiki. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nakshi hizo ni sehemu ya kilichoufikisha hapo. Lakini hata bila orodha, ni mali yako na ya wanao.

Pita stoo kabla ya dukani

Nilipomaliza ukuta nilifanya alichonifunza shangazi: nilipita nyumba nzima na nyumba za jamaa, chini ya vitanda, stoo na darini, kabla ya kununua chochote. Nilivyovipata ndivyo vilivyoipamba ofisi.

Kasha la bibi lenye njumu za shaba sasa limebeba faili za miaka iliyopita. Makasha haya wengi huyaita ya Zanzibar, ingawa mengi yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay. Ndani lilinuka unyevu. Nililianika kivulini kwa siku mbili, nikatia mifuko midogo ya karafuu na kafuri, na wadudu wa karatasi hawajalikaribia. Sinia dogo la shaba limekuwa mahali pa kalamu na funguo. Busati lililokunjwa darini likatandikwa sakafuni, nalo linapunguza mwangwi ninapozungumza na wateja kwa simu. Kandili ya baba imetundikwa karibu na mlango, na mafuta ya taa nimeyatoa.

Marufaa niliyaacha mahali pake. Rafiki alinishauri niyatumie kuwekea laptopu, eti yana mwinamo mzuri. Kuna vitu ambavyo heshima yake haibadilishwi kwa ajili ya pambo.

Kwa mjomba nilipata kiti cha mbao za kupindwa, chenye mgongo wa duara na sehemu ya kukalia iliyosukwa kwa henzirani. Viti vya namna hii vilikuwa vimejaa katika nyumba za pwani, na wengi wetu tumekua tukidhani ni vya Kihindi. Asili yake ni Vienna, kwenye kiwanda cha Michael Thonet, ambaye kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kilienea dunia nzima. Siri ilikuwa kwamba kilifika vipande vipande. Kina vipande sita tu na skrubu zake, na viti 36 viliingia ndani ya sanduku moja la mita moja kila upande. Fundi wa kusuka alibadilisha henzirani iliyokatika, na kiti kikawa kipya kwa bei ndogo sana kuliko cha plastiki nilichokuwa nakitazama dukani.

Na kiti cha enzi? Kama mnacho, kile cha mpingo chenye mgongo mrefu ulionakshiwa, ambacho mafundi wa Lamu na Siyu walisifika nacho, kiweke pembeni kwa mgeni. Kilitengenezwa kumpa mtu heshima, si kupigia taipu saa nane. Mimi ninapofanya kazi nakalia kiti cha kisasa chenye magurudumu, na sioni aibu. Mtindo wa kale usiugharimu mgongo wako. Kipimo ni hiki: ukikaa, viwiko vikunjike sawasawa na urefu wa meza, na nyayo zikanyage chini. Meza nyingi za zamani ziko juu kidogo kwa mtu wa kimo changu, kwa hiyo miguu yangu inakanyaga kigoda cha mbao.

Kuifufua mbao

Sasa turudi kwenye meza ya baba. Kijana wa kwanza alitaka kuipiga msasa wa mashine na kuipaka vanishi nzito. Nilimkatalia, na ninashukuru. Mbao ya zamani ina ngozi yake, rangi iliyokomaa kwa miaka, na msasa wa mashine huindoa yote kwa nusu saa. Haimeni tena.

Anza na maji vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa kilichokamuliwa sana. Utashangaa ni kiasi gani cha unachokiita ukuukuu ni mafuta ya kupikia tu. Kisha chukua pamba, ilowanishe spiriti na ijaribu mahali pasipoonekana. Pamba ikinata na kutoa rangi ya kahawia, basi meza ilipakwa polishi ya zamani ya gundi ya lak, ile iyeyukayo kwa spiriti. Hiyo haihitaji kuondolewa. Fundi anayeijua ataifufua kwa kupaka safu nyembamba nyingine juu yake. Kama haikunata, huenda ni vanishi ya siku hizi.

Tazama matundu madogo ya wadudu. Matundu yenye vumbi jipya chini yake yanamaanisha wadudu wangali hai, na mbao hiyo usiiingize chumbani kwenye samani nyingine mpaka itiwe dawa. Watoto wa meza wakikwama, usiwapige nyundo. Sugua mshumaa kwenye kingo za chini, watateleza. Vitasa na bawaba za shaba nilizisafisha kwa ndimu na chumvi, kisha nikazisuuza na kuzikausha vizuri.

Ile alama ya sufuria fundi alisema anaweza kuitoa. Nilimwambia aiache. Niliona haya mwanzo, lakini ni haki iendelee kunikumbusha tulivyoifanyia meza ile.

Taa na waya

Hapa sitarefusha. Taa ya zamani ya mezani ni nzuri, lakini waya wake wa zamani ni moto unaosubiri. Mpe fundi wa umeme abadilishe waya, soketi na plagi, na utie balbu ya LED yenye mwanga wa manjano. Haichomi kivuli cha taa na haili stima. Waya za chumbani zipitishe kwenye mifereji ya plastiki juu ya ukuta, chini karibu na sakafu. Kuchimba mitaro katika ukuta wa matumbawe ni kuudhoofisha, na boriti usiitoboe.

Yule bwana wa pikapu

Nilipokuwa katikati ya kazi hizi alikuja mtu na pikapu. Alisikia tunakarabati. Aliitazama meza, akataja bei. Kisha akageuka, akautazama mlango wetu wa mbele, mlango wa kuchongwa aliouweka babu wa baba yangu, akataja bei ya pili, ambayo ilinyamazisha ukumbi mzima.

Kaka yangu mkubwa alitaka tuuze. Simlaumu, na wewe msomaji usimlaumu. Kazi ilikuwa imesimama tangu Korona, na watoto watatu walikuwa wanangojea kurudi shule. "Mlango haulipi karo," alisema. Nami nilikuwa na ofisi nzuri ninayoipamba, kwa hiyo maneno yangu kuhusu urithi hayakuwa na uzito mbele yake.

Tuliita ndugu wote wanne, na shangazi akakaa katikati. Jambo la kwanza lililosemwa lilinigusa mimi, si kaka. Meza ile si yangu. Ni ya marehemu, na haijagawanywa. Nilikuwa nimeitengeneza na kuikalia bila kumwuliza mtu. Basi ikakadiriwa bei, nikawalipa wenzangu mafungu yao kwa miezi minne, na fungu la kaka nililitoa kwanza. Pesa ya karo iliyobaki tulichangiana. Haikuwa rahisi, na sisemi kila familia inaweza. Mlango ukabaki.

Baadaye nilijua kwamba hata tungetaka, mambo si mepesi. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inautaja mlango waziwazi: mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 nacho kinahesabiwa kuwa cha kale. Kukisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Na samani yenye vipande vya pembe za ndovu, kama baadhi ya viti vya enzi, ina sheria zake za wanyamapori. Usiuze wala usinunue kabla ya kuuliza wanaohusika.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu haikungoja. Mlango wake uliondoka usiku mmoja, na mahali pake pana mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani. Sijui uko wapi sasa. Huenda ni meza ya kahawa katika ukumbi wa mtu anayependa sana mtindo wa kale, na ambaye hajawahi kujiuliza ulitoka kwa nani.

Kabla hujalipa

Kwa hiyo ukiwa unapamba ofisi yako na ukakuta mlango, kasha au fremu ya dirisha inauzwa, uliza mambo matatu. Imetoka nyumba gani? Waliouza walikubaliana wote? Na nyumba hiyo ingali imesimama? Muuzaji akikwepa, ondoka. Fundi wa kuchonga atakutengenezea mpya kwa nakshi zilezile, na pesa yako itamlisha mtu anayeijua kazi na anayeweza kumfunza kijana mwingine. Kitu kipya kilichochongwa vizuri hakina haja ya kujifanya cha zamani. Wajukuu wako watakiita cha kale kwa haki.

Kama bajeti yako ni ndogo, fuata mpango huu: pesa ya kwanza iende kwenye ukuta, ya pili kwenye umeme, ya tatu kwa fundi wa kutengeneza ulichonacho, na inayobaki ndiyo ya kununua. Mimi nilipofika hapo sikuwa na cha kununua ila kile kiti chenye magurudumu.

Na kama jikoni kwenu kuna meza ya marehemu baba imebeba meko ya gesi, ishushe mzigo leo. Lakini waulize ndugu zako kwanza.